Rangi ya Gari kwenye Kucha za Mama Yako

Nsimire, mwanangu, mama,

Usianze kucheka mwandiko wangu. Najua herufi zangu zinalala huku na huku kama walevi wa siku ya mushahara. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu. Wa nne padri alinifukuza juu ya mambo ya mayai yake, na mpaka leo nasema kuku wake ndiye alikuja kwangu. Kwa hiyo soma pole pole, na usome ukiwa umekaa.

Hii jioni wewe uko Mudaka kumuaga shangazi yako. Mvua inapiga mabati hapa Kadutu mpaka redio imenyamaza kwa haya. Mama yako amejilaza. Kesho asubuhi unapanda meli ya Goma kumufuata bwana yako, na shangazi zako wamekwisha kukuambia yote: namna ya kumusalimia mama-mukwe, namna ya kupika sombe yao, yale majani ya muhogo yenye mafuta mengi, wakati gani wa kunyamaza na wakati gani wa kujifanya unanyamaza. Kwa hayo mimi sina kitu cha kuongeza. Mama yako hajanyamaza tangu nimuoe, na bado tuko.

Mimi nina jambo moja. Ndani ya valizi yako, lile sanduku la safari, chini ya pagne, kitenge chako cha harusi, mama yako ameweka zile chupa za verni za kupaka kucha, kila moja ameifunga katika kitambaa kama yai. Na ndani ya tumbo lako kuna mutoto. Sitaki hivi vitu viwili visafiri pamoja. Ndiyo barua yote. Kama umechoka unaweza kuishia hapa, utoe chupa, ulale. Lakini nakujua. Utauliza juu ya nini. Ulipokuwa mudogo uliuliza juu ya nini mpaka katekista akatubembeleza tukubakize nyumbani.

Hizo chupa unazijua kuliko mimi, maana wewe ndiye ulikuwa unaziosha. Lakini hujui namna zilivyoanza. Wakati ule kamasi ilikuwa inakufika kwenye kidevu.

Ilikuwa ile miaka serikali ilipotuambia tuache majina ya ubatizo. Nililala Ferdinand, nikaamka Murhula, na deni zangu zote zikanitambua vilevile. Nilikuwa pentre, mupaka rangi wa magari, katika garage moja upande wa Nyawera. Kila mutaa ulikuwa na kikundi chake cha animasyo, yaani wamama na wasichana wa kuimba na kucheza mbele ya wakubwa, pagne moja, kitambaa kimoja cha kichwa, wanatingisha viuno mpaka mugeni anasahau alikuja kuangalia nini. Mama yako alikuwa wa mustari wa mbele. Usiniulize kama alicheza vizuri. Mimi nilikuwa nakwenda kuangalia hata siku ambazo hawakutulazimisha.

Mukubwa wa kikundi chetu alikuwa mwanamuke mumoja wa sauti kubwa, Citoyenne Zawadi, maana siku zile sote tuliitwa wananchi, citoyen na citoyenne. Siku moja wakasema kunakuja mugeni wa juu sana, na yeye akaamua kikundi chetu kiwashinde wale wa Bagira kwa kucha. Kucha za wamama wote ziwe kijani, kijani ile ya bendera. Sasa Bukavu hii, verni ya kijani ungeipata wapi? Madukani mulikuwa na nyekundu tu, na hiyo ya kufichwa chini ya meza kwa ajili ya wake za wakubwa. Basi akanifuata garage, amefunga pagne kama mutu anayekwenda kupigana.

– Citoyen Murhula, uko na kijani?

– Niko nayo ya camion, citoyenne. Iko camion gani unataka tupakaze?

– Bibi yako na benzake.

– Aa. Ile kazi inapita camion.

– Cheka, cheka. Mugeni anafika siku ya posho. Kama kucha haziko kijani, mimi najua jina ya nani nitapeleka juu.

Nikaacha kucheka. Nilichukua kijani ya camion, ile ya malori, nikaitia diluant, yale maji makali ya kulainisha rangi, yenye harufu ya kukuliza machozi. Nikachuja kwa soksi ya nailoni, nikajaza ndani ya chupa tupu za penisilini nilizoziomba kwa infirmier, muuguzi mumoja wa hospitali. Burashi ilikuwa ncha ya nyoya la kuku. Siku ile nilijiona mukemia mukubwa, na padri wangu wa mayai angekuwa karibu ningemuonyesha.

Jumamosi ile, siku ya posho, mvua ilinyesha kama hii ya leo. Rangi za pagne zilitoka zikawatiririka miguuni, poda zikaanguka, wengine walibaki na uso nusu. Lakini kucha ziling'aa. Mugeni alipita ndani ya gari, kioo kimefungwa, sidhani kama aliona hata kucha moja. Lakini wamama wa Kadutu waliona. Waliona kwamba verni ya dukani inabanduka siku ile unafua, na ile ya Baba Nsimire inapita ufuaji, inapita kulima, inapita kuosha masufuria kwa mchanga. Wakaanza kuja kwetu.

Kijani hawakuitaka tena. Walitaka nyekundu ya gari ya zima-moto, nyeupe ya ambulance, na ile rangi ya divai niliyoikwangua kwenye mabaki ya gari la mukubwa fulani. Mimi nilileta rangi, mama yako alipaka. Alikuwa na mukono ambao sikuuona kwa pentre yeyote, hata kwangu. Mustari wake ulikuwa unapita kwenye ukingo wa kucha bila kugusa nyama. Mwanamuke aliingia amechoka, amenuka moshi na samaki, akatoka anashika hewa kwa vidole kama mutu wa Ulaya. Ile chumba ya nyuma, yenye pazia la maua, ndiyo ulikulia. Mchana ulilala mule kwenye mukeka, na wao wanaongea juu ya kichwa chako habari za mabwana zao.

Sasa sikia. Dirisha la chumba kile, mimi ndiye nilimufundisha mama yako kulifunga. Muulize pentre yeyote wa magari, atakuambia adui yetu ni vumbi. Rangi ikiwa bado mbichi, unafunga milango, unamwaga maji chini, unafukuza hata nzi. Basi nikaleta akili ya garage nyumbani. Nikamuambia funga dirisha, weka tambara chini ya mulango, vumbi la Kadutu lisishike kucha za watu. Akafanya. Wamama walikuwa wanatoka mule wanacheka ovyo, wengine wanashika ukuta, na mimi nimekaa nje nasema hawa wamelewa bila kulipa bia. Tulicheka sana. Jioni mama yako aliumwa kichwa, nikamuletea maziwa, kwa sababu sisi mapentre tulikuwa tunasema maziwa yanaosha kifua. Maziwa. Ni kama kumuletea taulo mutu anayezama ndani ya ziwa.

Na bugali je? Tunakula kwa mikono, tunaminya, tunaviringa, tunachovya. Siku moja ulitoa kipande chekundu ndani ya tonge lako ukauliza kama ni pilipili. Kilikuwa rangi iliyobanduka kwenye kucha ya mama yako. Nilikuambia kitakupa damu. Nyumba nzima ikacheka. Na ukakila, kwa sababu ulikuwa unaniamini.

Baada yako mama yako alibeba mimba ingine, ikatoka mapema. Akabeba ingine, ikatoka. Ya tatu ilikaa wakati murefu, mpaka tukaanza kugombana juu ya jina, halafu nayo ikaenda. Wewe tulikupeleka kwa shangazi yako zile siku, tukakuambia mama ana malaria. Baadaye tumbo likaanza kumukaza, anajikunja kitandani kama mutu anayetafuta kitu chini ya godoro. Akasema kinywa kinaonja chuma. Halafu, wewe umekwisha kukua, kiganja cha kuume kikaanza kuning'inia. Anakiinua, kinaanguka. Hiyo uliiona mwenyewe, na ndiyo maana wewe ulianza kupaka kucha mahali pake.

Hapa ndipo ninataka unisikilize kuliko pengine pote, mama.

Unamukumbuka Mama Bahati. Nyumba yake ilishikana na yetu, ukuta mumoja. Alikuwa anauza kasiksi, bia ya ndizi tamu kuliko zote za mutaa ule, na mwana wake Bahati ulikuwa unacheza naye kamba. Mama yako alikuwa anakunywa kwake kila jioni. Walikuwa marafiki mpaka wanaazimana chumvi bila kuombana. Siku moja hawakuwepo tena, na ukauliza juu ya nini, na mimi nikakuambia wamepata shamba Minova. Hawakupata shamba.

Mama yako alipozidi kuumwa tumbo, watu wakaanza kusema karuho. Unajua wanavyosema: sumu ya pole pole, mutu anaificha chini ya kucha, anakumiminia bia, anachovya kidole kidogo tu, anakupa na kicheko. Unakonda mwaka muzima, hujui nani. Basi nani alikuwa anamupa mama yako bia? Hesabu haikuwa ngumu. Hata mimi wa mwaka wa tatu niliiweza.

Mujomba wako Bisimwa alikuja na wanaume wawili. Tuliingia kwa Mama Bahati wakati anachuja bia. Mimi nilikuwa nyuma, lakini nilikuwa.

– Mama Bahati, tuonyeshe mikono, Bisimwa akasema.

– Mikono yangu munaijua. Bibi ya huyu njo alinipakaza hizi kucha juzi.

– Tunataka chini ya kucha.

– Chini ya kucha kuko bugali ya asubuhi. Munasikia njaa?

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu Bisimwa akatoa kisu kidogo, na hakuna mutu aliyecheka tena. Alimushika mukono, akamukwangua kucha zote, chini na juu, rangi na uchafu vikaanguka ndani ya kikombe cha maji. Maji yakawa na vipande vyekundu vinavyoelea. Akamupa.

– Kunywa. Kama hauna kitu, ukunywe.

Yeye hakumuangalia Bisimwa. Aliniangalia mimi.

– Baba Nsimire, na wewe unataka nikunywe?

Nikasema: – Kama hauna kitu, kuko shida gani?

Akanywa yote, na vile vipande. Akajipangusa kinywa kwa nyuma ya mukono.

– Sasa niko na kiu ya bia yangu, akasema. Lakini naona hakuna mutu atainunua tena.

Na ndivyo ilivyokuwa. Alibaki muzima, na watu wakasema unaona, anajua dawa yake. Angeanguka, wangesema unaona. Bia yake ikachacha ndani ya mutungi. Watoto walikuwa wanapita mbele ya mulango wake wameziba pua. Mwezi ule ule akafunga vitu vyake akaenda Minova kwa dada yake, na hakuaga. Mama yako tukamupeleka kwa mutu wa miti shamba, akamutapisha mpaka akatapika maji ya njano, akasema karuho imetoka. Kila mutu alimupongeza. Tukarudi nyumbani, mama yako akakaa ndani ya chumba cha nyuma, akafunga dirisha, akafungua chupa.

Sasa dokta. Ile siku ya mvua za mwaka jana, sahani ilipomuanguka mama yako mbele ya wageni, nilimupeleka hospitali. Kwako tulisema ni mishipa. Dokta alikuwa kijana, shati limepigwa pasi vizuri kuliko langu la harusi. Alimuinua mama yako mudomo wa juu, akaangalia fizi wakati murefu. Kulikuwa na mustari wa bluu-bluu kwenye mizizi ya meno. Mimi miaka yote nilifikiri ni tumbako.

– Papa, maman anafanya kazi gani?

– Ya kunisumbua, dokta.

– Na ingine?

– Anapakaza bamama kucha.

– Na verni ya wapi?

Nikamueleza yote, na kiburi changu: kijani ya camion, diluant, soksi, nyoya la kuku. Nilifikiri atacheka. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza tena, pole pole, kama mutu anayetaka nibadilishe jibu.

Aliniambia hivi, nami nakupa vile nilivyoshika. Rangi za magari, kijani, manjano, nyekundu, mara mingi ndani yake kuna plomb, yaani risasi. Ile ya bunduki inaingia mara moja, watu wanalia, mambo yameisha. Hii ya rangi inaingia kidogo kidogo kwa kinywa, inakwenda kukaa ndani ya mifupa, na haina haraka. Mwanamuke akibeba mimba, mifupa inaifungulia mulango, inamufikia mutoto. Na diluant ni habari ingine: hiyo inaingia kwa pua, inapanda kichwani, na chumba kilichofungwa ndicho kinaipendeza. Nikamuuliza kama ndiyo ilitoa zile mimba. Akasema: «Papa, hakuna mutu wa kujua sasa. Lakini kama ni bibi yangu, ile chumba ningeibomoa leo.»

Halafu nikamuuliza juu yako, wewe uliyelala mule kwenye mukeka. Akasema mutoto aliyekulia mule aonwe na muganga wa hospitali kabla hajafikiria kuzaa.

Hilo sikukuambia. Umeolewa, umebeba, na sikukuambia.

Utauliza juu ya nini. Mama yako alisikia kila neno la dokta. Njiani hakusema kitu, na kwa mama yako hiyo ni habari ya kuandika kwenye gazeti. Tulipofika, akasema:

– Ule dokta iko mutoto. Mimi nilipewa karuho.

– Sikia, Mama Nsimire...

– Nilipewa karuho. Unataka ikuwe nini? Unataka ikuwe mimi njo nilijipa?

Unaelewa, Nsimire? Kama si karuho, basi tulimunywesha jirani wetu uchafu wa kucha zake bure. Na tena si bure, kwa sababu sumu kweli ilikuwa kwenye vidole vyake, ila ilitoka nyumbani kwetu, na mama yako ndiye aliyemupakaza, na mimi ndiye niliyeichanganya. Karuho ilikuwa inatupendeza. Ilikuwa na uso, na huo uso ulikuwa wa mutu mwingine. Basi nami nikaacha kumubishia. Nikaendelea kuleta rangi, kidogo. Sijakwenda Minova kuomba radhi. Kila juma nasema juma lijalo. Mimi ni mwoga mwenye kinywa kikubwa, na watu wanadhani hivyo viwili haviwezi kulala katika mutu mumoja.

Siku hizi nikipita sokoni Kadutu naangalia mikono ya wamama. Yule anauza ndagala, tulimupaka. Yule wa maharagi, tulimupaka akiwa na mimba. Wananisalimia: «Baba Nsimire, ile rangi ya divai iko?» Nawaambia gari limeisha. Wanacheka. Sina nguvu ya kuwaambia zaidi ya hapo, na ndiyo sababu nakuandikia wewe. Kwako bado kuna kitu cha kuokoa.

Najua utafanya nini Goma. Umekwisha kuwaahidi marafiki wa bwana yako kwamba utafungua saluni yako, na kazi unaiweza. Sikukatazi kucha. Mutu kupenda kung'aa si dhambi. Mimi mwenyewe nilioa juu ya kung'aa. Nakukataza kile kilicho ndani ya chupa. Nilimuuliza dokta kama verni za Ulaya, zile za vichupa vizuri, ni salama. Alisema zile hazina risasi ya camion, lakini mingi bado ina diluant ndugu ya ile yangu, na zingine, zile za kufanya kucha iwe ngumu, zinatiwa formol. Formol, Nsimire, ndiyo wanamimina kwa maiti kule morgue isioze. Nikamuambia kwamba mimi formol nitaingoja zamu yangu, na siku ile watanipa bila kulipa. Kwa hiyo hata kama kichupa kimetoka Paris, ukifungua kikakupiga puani na macho yakalia, kifunge. Pua yako si mujinga. Mimi ndiye niliyeifundisha kunyamaza. Na kama siku moja unalazimika kupaka, paka uwanjani, chini ya jua, kwenye upepo, vumbi lishike inavyotaka. Kucha yenye vumbi haijaua mutu. Na wakati una tumbo, usipake, usipakwe, usikae mule wanapopaka. Wakikuita mushamba, kubali ushamba.

Kule Goma utawapata wamama wa kislamu wanaojua hina. Tafuta ile ya majani matupu, yaliyotwangwa yakatiwa maji na ndimu, inakaa usiku na asubuhi kucha ziko na rangi ya machungwa yaliyoiva. Haibanduki, maana haiko juu ya kucha, imeingia. Uliza wanaichanganya na nini. Kama wanaongeza petroli ili iwe nyeusi haraka, na wengine wanafanya, ondoka na salamu zako. Lakini kitu ninachokutamania ni kile cha nyanya yangu wa Kabare. Alikuwa anachukua mafuta ya ng'ombe kidogo sana, na kipande cha ngozi laini ya mbuzi, anasugua kucha anaongea, anasugua anaongea, mpaka zinang'aa kama mbegu ya muti iliyotoka ndani ya ganda. Hazikuwa na rangi yoyote isipokuwa yake. Alikufa muzee sana, anatukana watu kwa sauti safi. Wafundishe wamama wa Goma kitu hicho. Watasema hiyo ni ya zamani. Waambie imetoka Paris, watalipa.

Ukifika, kabla ya kufungua saluni na kabla ya kumufungulia mama-mukwe yale mayai shangazi yako atakayokupa Mudaka, uende hospitali. Mwambie muganga bila kuona haya: nimekulia ndani ya rangi ya magari, nimeilala, nimeila, na sasa nina mimba. Wakichukua damu, waache wachukue. Kama hawana mashine ya kuipima, waulize iko wapi. Mwambie na bwana yako. Akikuuliza ni mujinga gani alileta hiyo rangi nyumbani, mupe jina langu, lile la ubatizo na lile lingine.

Na kama tumbo litakukaza, au kama, Mungu asisikie, mambo yataharibika, watakuja watu wenye huruma kukuuliza ulikula kwa nani, ulikunywa kwa nani. Hapo ndipo umukumbuke kikombe kile. Usimupe mutu yeyote mukono wa jirani yako.

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kuweka jina langu, mama yako akatoka chumbani. Mvua imepungua. Akakaa kwenye kiti kile chenye muguu mubovu, akaweka mukono wake wa kuume juu ya magoti kama anavyouweka siku hizi, kama kitu alichoazima.

– Unaandika nini murefu hivyo? Unaomba kazi?

– Namuandikia Nsimire.

– Unamuandikia nini yenye siwezi kumuambia mimi?

Nikafunika karatasi kwa kiganja, bure tu. Unajua yeye hasomi.

– Soma, akasema.

Nikasoma, Nsimire. Yote, vile ilivyo hapa, na Citoyenne Zawadi, na dirisha, na kikombe. Pale pa kikombe nilitaka kuruka, lakini mama yako anajua sauti yangu inapotaka kuruka. Hakunikatiza. Kwenye nyanya yangu sikumusikia akicheka, na kila siku anacheka hapo. Nilipomaliza nikamuuliza kama nizitoe chupa mimi mwenyewe, niende nikazizike.

– Acha, akasema. Azitoe yeye. Akitoa yeye, atakuwa amejua.

Huko nje maji yalikuwa yanatiririka kwenye mufereji. Nikafikiri amemaliza, nikashika kalamu.

– Haukuandika kitu juu ya ule mutoto wa tatu.

– Niliandika. Niliandika ilikwenda.

– Apana. Wewe haukumuona. Bamama balikupatia amefungwa, ukaenda kuzika amefungwa. Mimi njo nilimufungua kabla bamuchukue.

Sikujua hilo. Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja, sikujua.

– Andika, akasema.

– Niandike nini?

Alikuwa anaangalia ule mukono wake.

– Andika kusema alikuwa na kucha.

Nimeandika.

Baba yako,
Murhula